Kila mtu kamaliza kipande chake, ila programu haiwaki

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo: "Shikamoo kaka. Niko mwaka wa pili kozi ya kompyuta. Tumepewa asainmenti ya kikundi, tutengeneze programu ya maktaba kwa Python: kusajili wanachama, kuazimisha na kurudisha vitabu, faini za waliochelewesha, ripoti. Tuko watano. Wiki ya kwanza tukagawana, kila mtu na kipande chake, tukakubaliana kuunganisha wiki ya mwisho. Kodi tunatumiana WhatsApp, faili za zip. Jumamosi tumejaribu kuunganisha vipande viwili tu, vurugu, na kila mmoja anasema kwake inafanya kazi. Kuna mwenzetu kanyamaza wiki ya pili hii, meseji anasoma hajibu. Mwingine ndo mkali wetu, anasema tumwachie, usiku mbili anaimaliza yote. Zimebaki siku 19. Tumwachie? Huyu aliyenyamaza tumripoti kwa lekchara? Na je tuhamie Java, maana kuna mtu kasema Java haina hizi shida?"

Marahaba mdogo wangu. Usimwachie mkali, na usimripoti mtu bado. Java nitairudia.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta penye kidonda, maana we umeniandikia kuhusu watu wawili, ila kidonda kiko kwenye sentensi uliyoipita mbio mbio kama haina maana: tukakubaliana kuunganisha wiki ya mwisho. Hapo ndo mlipojimaliza. Nimewahi kusaidia kusahihisha hizi projekti miaka kadhaa kabla sijaanza kuandika kodi kwa mshahara (nikisema kodi humu ni ya programu, ya nyumba kila mtu apambane na yake), na vikundi nilivyoona vikianguka, vingi havikuanguka kwa sababu kuna mvivu. Walikuwa na vipande vizuri kabisa ambavyo havijawahi kukutana hata siku moja mpaka usiku wa kuamkia dedilaini.

Na usidhani ni mambo ya wanafunzi. Chombo cha NASA kilichoitwa Mars Climate Orbiter kilirushwa Desemba 1998, kikapotea Septemba 1999 kilipofika tu Mars, kwa sababu programu moja huku duniani ilikuwa inatoa namba za msukumo wa injini kwa vipimo vya paundi, na upande wa pili wanaopiga hesabu za njia wanazipokea wakijua ni vya newtoni. Tofauti yake ni karibu mara 4.45. Kila upande hesabu zake zilikuwa safi. Chombo kikapita chini mno na ndo ikawa mwisho wake.

Sasa rudi kwenye maktaba yenu. Mi sijaiona kodi yenu lakini naweza kubahatisha Jumamosi ilikuwaje. Wa usajili kaandika namba ya mwanachama kama maandishi, "007", kwa sababu anataka zile sifuri za mbele zionekane. Wa kuazimisha kwake ni namba tu, 7. Kila mmoja akijaribu peke yake na data zake mwenyewe mambo shwari. Mkiunganisha, programu inamtafuta mwanachama 7 kwenye orodha yenye "007", haimpati, na Python hailalamiki wala haikuonyeshi mstari mwekundu wowote, inakujibu tu kwamba hayupo, mnabaki mnatazamana. Usajili anasema kosa ni la kuazimisha, kuazimisha anasema kosa ni la usajili, na wote wawili wako sahihi.

Tarehe nazo ndo kabisa. Mtu akihifadhi tarehe kama maandishi "9/02/2025" na mwingine akazilinganisha ili ajue nani kachelewa, kompyuta inalinganisha herufi kwa herufi, inaona 9 ni kubwa kuliko 1, kwa hiyo kwake "9/02/2025" inakuja baada ya "10/02/2025". Hapo mtu aliyerudisha kitabu siku moja kabla ya muda anapigwa faini. Tumieni aina ya tarehe yenyewe, datetime.date, na kama lazima iwe maandishi iandikeni mwaka kwanza, 2025-02-09, angalau hiyo ukilinganisha herufi inapangika vizuri.

Kwa hiyo leo, sio kesho, leo, mkutane saa moja tu. Wote watano, na huyo aliyenyamaza mumuite, habari yake inakuja. Kazi ya hilo saa ni moja, kuandika karatasi moja (au faili moja, sawa tu) inayosema vipande vinaongeaje. Msiandike mashairi. Mnaandika hivi: kuna funksheni (kijipande cha kodi chenye jina, kinachofanya kazi moja) inaitwa tafuta_mwanachama, inapokea namba ambayo ni maandishi yenye tarakimu tatu, inarudisha mwanachama, asipokuwepo inarudisha None, yaani "hakuna kitu" ya Python. Hilo la "asipokuwepo" ndo watu wanaliruka kila siku na ndo linaloua. Maana mmoja atarudisha None, mwingine atarudisha neno "hayupo", wa tatu atarusha kosa programu idondoke, na anayemuita hajui ajiandae kwa lipi. Mkimaliza hiyo, mnaenda inayofuata, azimisha, rudisha, piga_faini. Kama funksheni kumi hivi zinawatosha, zingine ni za ndani ya kipande cha mtu, afanye anavyojua.

Baada ya hapo msirudi kila mtu chumbani kwake kumalizia kipande. Hapa ndo nataka unielewe vizuri. Mtengeneze kwanza mfupa. Yaani programu ya kijinga kabisa, ina mwanachama mmoja, kitabu kimoja, inamwazimisha, inapokea kitabu, inasema faini ni sifuri, basi. Faini iwe sifuri mmeiandika tu kwa mkono, ripoti iwe mstari mmoja wa kuprinti, haina shida, aibu hamna. Cha muhimu inaanza mwanzo inafika mwisho ikipita kwenye vipande vyote vitano bila kudondoka. Hiyo mnaweza kuipata ndani ya siku mbili. Toka siku hiyo kila mnachofanya ni kunenepesha mfupa ambao tayari unatembea, leo faini ya kweli, kesho orodha ya vitabu kutoka kwenye databesi, na kila jioni inawaka. Ikizima, mnajua imezima kwa kitu kilichoingia leo, mnatafuta kwenye mistari 30, hamtafuti kwenye mistari 2,000 ya watu watano iliyorundikwa usiku mmoja.

Zip za WhatsApp mzike leo hii. Nimeona faili inaitwa maktaba_mwisho_kabisa_HII_NDO_2.zip na bado haikuwa ndo. Tumieni Git, programu inayotunza kila badiliko la kodi na kuunganisha kazi za watu wengi. Linus Torvalds aliitengeneza mwaka 2005 kwa ajili ya Linux, kazi yenye watu maelfu wasiojuana, kwa hiyo watano mnaolala jengo moja haiwezi kuwashinda. Hamhitaji kuijua yote. Kila mtu anafungua brenchi yake, yaani njia ya pembeni ya kodi, kwa kazi ndogo, ya siku moja, ikizidi sana mbili, anamaliza, mwenzake mmoja anaiangalia, inaingia kwenye brenchi kuu, inafutwa. Brenchi ikikaa wiki nzima mmerudi kulekule kwenye kuunganisha mwishoni, tofauti ni kwamba sasa mnafanya kwa Git. Na sheria moja isiyo na mjadala: brenchi kuu inawaka muda wote. Aliyeizima anaiwasha kabla hajaenda kula.

Mtakutana na konflikti, msiogope. Mkiwa mmegusa mstari uleule watu wawili Git haijui imfuate nani, inawaachia kwenye faili alama kama hizi:

<<<<<<< HEAD
faini = siku * 500
=======
faini = siku_za_kuchelewa * kiwango
>>>>>>> faini-mpya

Juu ni yako, chini ni ya mwenzako, unachagua au unachanganya kwa akili, unafuta zile alama tatu, unajaribu programu, unakomiti, yaani unalihifadhi badiliko ndani ya Git. Kosa la wanaoanza ni kubonyeza "chukua yangu" kila mahali ili yaishe, na hapo umefuta kazi ya mtu ya jana usiku, urafiki ushaingia doa. Kama huelewi mstari wa chini ni wa nini mpigie aliyeuandika, dakika mbili tu. Na mtu yeyote akikwambia suluhisho ni git push --force kwenye brenchi kuu (kulazimisha kodi yake ifute za wenzake), mnyang'anye laptopu kwanza. Ikishatokea msilie, aliyekuwa na ile kazi kwenye mashine yake akiandika git reflog ataziona komiti zake za zamani zinamsubiri, kwa kawaida Git haizifuti haraka, ana wiki kadhaa za kuziokoa.

Kuna konflikti nyingine za kipuuzi ambazo naomba mzizuie mapema. Moja ni mtu ambaye editori yake inapanga kodi upya kila akiseivu, kabadilisha mstari mmoja lakini Git inaonyesha mistari 400 imebadilika, kumbe ni nafasi tu. Wote mtumie mpangilio mmoja au wote mzime. Pili, mwenye Windows na mwenye Linux, miisho ya mistari inatofautiana, mkiweka faili ya .gitattributes yenye mstari * text=auto hiyo shida mnaisahau. Tatu, na hii kwenu nina hakika ipo, faili ya databesi. Kama mnatumia SQLite, databesi inayokaa kwenye faili moja, kila mtu ana maktaba.db yake yenye data zake za majaribio, na hiyo faili sio maandishi, Git haiwezi kuichanganya, itawaambia tu chagua moja, na mkichagua moja za wengine wanne zinayeyuka. Iwekeni kwenye .gitignore, orodha ya faili ambazo Git isiziguse. Badala yake muwe na faili ya .sql inayotengeneza majedwali na kuweka data chache za mfano, mtu yeyote akiiendesha anapata databesi mpya ndani ya sekunde. Manenosiri nayo yasiingie humo, hata ya majaribio, ni tabia tu.

Haya, watu sasa.

Mkali wenu. Nawajua hao, mi mwenyewe nimewahi kuwa huyo mtu, na nakiri inanoga, unajiona umeubeba ulimwengu. Anaweza kweli akaimaliza kwa usiku mbili, sikatai. Tatizo linakuja siku ya kuwasilisha. Walimu wengi wa hizi kozi wanafungua faili wanakunyooshea kidole mstari, wanakuuliza wewe uliyenyamaza pale pembeni, hii inafanya nini, ingekuwaje orodha ikiwa tupu? Watu wanne mkianza kumwangalia mkali awajibie, imekwisha. Na historia ya Git iko pale, inaonyesha mtu mmoja, usiku mbili, komiti tatu kubwa kama tembo. Halafu mwambie na hili: wakati yeye anaandika peke yake ninyi wanne mtaendelea kuandika pia, au mtalala? Mkiandika mtagongana naye, mkilala hamjajifunza kitu na mwaka wa tatu unakuja na projekti kubwa zaidi.

Mpe kazi inayomfaa. Mkali awe ndo mlinzi wa brenchi kuu, kila kinachoingia anakisoma kwanza, anakaa na mtu nusu saa wanaandika pamoja kwenye mashine ya yule mwingine, mikono kwenye kibodi iwe ya mwingine, sio yake. Hiyo ni ngumu kwake kuliko kuandika mwenyewe, we subiri uone atakavyokuwa anawashwa vidole. Mkiandika wawili hivyo, mwisho wa ujumbe wa komiti muongeze mstari wa Co-authored-by na jina na barua pepe ya mwenzako, ili kazi isionekane ya mmoja.

Halafu wewe usije ukaingia mtego wa kuhesabu. Kuna amri git shortlog -sn inayoorodhesha kila mtu na idadi ya komiti zake, watu wakiijua tu wanaanza kushindana, mmoja anakomiti kila akiongeza nukta. Komiti 40 za mtu zinaweza kuwa za bure na 6 za mwingine ndo uti wa mgongo. Mwingine katumia siku mbili kutafuta kosa akabadilisha herufi moja. Ni ushahidi wa kwamba mtu alikuwepo, lakini mzani wa haki sio.

Aliyenyamaza sasa. Kuna Mfaransa, Max Ringelmann, alipima watu wakivuta kamba, matokeo yake yalichapishwa 1913, akaona kadri wanavyoongezeka kwenye kamba kila mmoja anavuta kidogo kuliko alivyokuwa anavuta peke yake. Sehemu ni kutoenda pamoja, sehemu ni kutegeana. Kwa hiyo ndiyo, anaweza kuwa anategea. Lakini nikupe kisa kimoja. Kikundi fulani walikuja kwangu wamekasirika wanataka jina la mtu lifutwe, wiki tatu hajagusa kitu. Nikamuita peke yake. Kijana hakuwa amewahi kufanikiwa kuendesha ile programu kwenye mashine yake hata siku moja, toleo lake la Python lilikuwa la zamani, maktaba moja ya kodi (kodi ya watu wengine ambayo programu inaitegemea) ilikuwa inagoma kuingia, na siku ya kwanza wenzake walivyosema "kwangu inafanya kazi" akaona aibu kusema kwake haifanyi. Kila siku iliyopita aibu ikawa kubwa zaidi. Tulitengeneza ndani ya dakika 20. Sisemi wako ni hivyo, nasema hamjui bado.

Kwa hiyo mtu mmoja, anayeelewana naye zaidi, ampigie simu au amfuate, asimwandikie kwenye grupu mbele ya wote. Asimuulize "mbona hufanyi kazi", amuulize programu inawaka kwenye mashine yako? Halafu mpeni kitu kidogo kinachoonekana mwisho wake. "Fanya sehemu ya ripoti" ni mzigo wa gizani, hajui aanzie wapi. "Andika funksheni inayopokea orodha ya vitabu na kurudisha vilivyochelewa tu, hii hapa orodha ya mfano, hili hapa jibu linalotakiwa, tunaihitaji Alhamisi" hiyo mtu yeyote wa mwaka wa pili anaiweza. Yaandikeni, hata kwenye grupu lenu, nani anafanya nini na lini.

Alhamisi ikifika kimya, na simu kimya, hapo mwende kwa lekchara, zikiwa zimebaki siku za kutosha yeye kufanya kitu. Wengi wanakosea hapa, wanavumilia mpaka siku moja kabla, halafu wanataka maamuzi. Mkienda msiende na hasira, mwende na hiyo orodha ya kazi na tarehe, mseme tulimpa hiki siku hii, hatujapokea, sisi tumejipanga hivi kukiziba, tunaomba ushauri. Basi. Msimuongelee tabia.

Na msitafute mtu wa nje awasaidie kufidia. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta kubwa, pale IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye projekti ya programu iliyochelewa kunaichelewesha zaidi. Hesabu yake rahisi, watano mna njia 10 za kuongea wawili wawili, mkiwa wanane zinakuwa 28, na kila mgeni lazima mtu aache kazi amfundishe. Zaidi ya hapo mtu wa nje kwenye asainmenti ni kesi ya udanganyifu. Hata zile programu za akili bandia zinazoandika kodi, someni kwanza kozi yenu inaruhusu nini na inataka mtaje vipi, kozi hazifanani. Kipimo changu ni kilekile cha kidole: kama huwezi kueleza mstari ukiulizwa, usiuweke.

Siku 19 mi ningezigawa hivi, kwa makadirio tu: mbili za mfupa, kama kumi na tatu za kunenepesha, halafu siku kama nne kabla ya mwisho mnafunga mlango, hakuna kipya kinachoingia hata kiwe kizuri vipi, mnarekebisha makosa tu, na hapo mtu ataleta wazo tamu la kuweka rangi au grafu, mkatalieni. Someni karatasi ya maksi tena. Watu wanahangaika na kodi wanasahau kwamba majaribio na ripoti ya maandishi navyo vina maksi zake, na ripoti inaandikwa na mtu aliyechoka saa tisa usiku. Ianzeni katikati, mtu mmoja akiwa analimbikiza kila mnapoamua jambo, "tumeamua namba iwe maandishi kwa sababu hii", mwishoni mnapanga tu.

Siku mbili kabla ya kukabidhi chukueni kompyuta ambayo haijawahi kuona hii kazi, vuteni kutoka kwenye Git kwenye folda tupu, mfuate maelekezo yenu ya README neno kwa neno kama vile hamjui chochote. Nakuhakikishia haitawaka mara ya kwanza. Kuna mahali mtu kaandika C:\Users\ na jina lake, kuna maktaba ya kodi mliyoiinstoo mwezi uliopita mkasahau kuiandika kwenye requirements.txt, kuna faili moja imebaki kwenye mashine ya mtu haikuwahi kupandishwa kwenye Git. Ndo maana nikasema siku mbili kabla. Msahihishaji naye ana vikundi 30, akikwama kuiwasha hatakaa ahangaike nayo mchana kutwa.

Ulimaliza kwa kuuliza kuhusu Java. Ni kweli Java ingekataa "007" kuingia mahali ulipotangaza int, ingekugomea hata kabla hujaiendesha, kwa hilo aliyewaambia hajakosea. Lakini tarehe za maandishi ingezilinganisha vibaya vilevile, na zip za WhatsApp zingebaki zip za WhatsApp. Siku 19, watano, lugha mpya? Hapana. Bakini na Python, na jioni ya leo unitumie hiyo karatasi ya funksheni kumi niipitie, hasa ile sehemu ya asipokuwepo.